Foleni Ni ya Skrini

Jumanne, 5 Machi

Fundi wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Mimi nimebakiza miezi kumi na mmoja, lenyewe halikusubiri. Shangazi yako anakusalimu, na Bibi anauliza kama huko uliko mnakula au mnashinda mkibonyeza tu.

Nimeandika barua pepe badala ya kupiga kwa sababu jambo hili linataka kuelezwa taratibu. Ni ile skrini ya foleni uliyotutengenezea pale ukumbini. Ujue kwanza kwamba naipenda. Kila mgeni wa hospitali namwonyesha kwa kidole na kumwambia, kazi ya binti yangu hiyo. Tangu iwekwe, watu wameacha kusukumana mlangoni kwa daktari. Sista wa meza ya kwanza anampima mgonjwa, anampa rangi kwa uzito wa ugonjwa, mimi naandika jina, na jina linapanda ukutani. Wekundu mbele, kisha njano, kisha kijani. Na wenye rangi moja, aliyetangulia kufika anatangulia kuitwa. Hata mtoto anaelewa.

Sasa jana, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alifika saa moja na nusu asubuhi. Njano. Alikuwa wa tatu. Nilipoinua macho, alikuwa wa saba. Nikasema labda nimekosea kusoma, miwani yangu ni ya siku nyingi. Baada ya dakika chache akawa wa nne, kisha wa sita. Yule mama alinitazama tu.

Hebu angalia, mwanangu. Labda ni kitu kidogo.

Baba yako


Alhamisi, 7 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua yako, goti nimelionea huruma. Mimi mzima, baridi tu imetukamata shingoni. Mwambie Bibi tunakula, na kwamba mwanamke anayeuza chai chini ya ofisi yetu ananiita mteja wa maisha.

Nimeipima foleni yako jana kutwa nzima. Nikukumbushe ilivyo, ili uelewe ninachofanya. Maktaba ile, yaani ule mkusanyiko wa maagizo ya kompyuta yanayopanga majina, sikuiandika yote mimi. Niliichukua kwa mtu nisiyemjua aliyeiachia watu bure. Ya kwake ilipanga majina kwa alfabeti, basi. Mimi nikairefusha, nikaongeza rangi. Kila kompyuta inaiendesha ndani ya kivinjari, lile dirisha la kufungulia mtandao, na vivinjari haviko sawa. Ni kama mafundi cherehani wanne waliopewa kipimo kimoja: kila mmoja atakushonea suruali, lakini usishangae mifuko ikitofautiana.

Basi nimejaribu kwenye vivinjari vinne. Nina orodha yangu ya majaribio ninayoitumia tangu siku ya kwanza: wewe, Shangazi, Bibi, Mjomba Mkubwa, Mjomba Mdogo na mkewe, wale pacha wa Shangazi, mimi, na paka ili kutimiza kumi. Wengi nimewapa njano. Nimewaingiza, nimewatoa, nimewarudisha. Hakuna aliyemruka mwenzake. Paka amesubiri zamu yake kwa adabu kuliko Mjomba Mdogo.

Nadhani kuna mtu anabonyeza "ingiza" mara mbili. Si wewe, nasema mtu. Uwe macho kidogo kisha uniambie.

Binti yako


Jumanne, 12 Machi

Fundi wangu,

Habari za huko. Sisi wazima. Mjomba Mdogo nimemsomea ile ya paka, akanuna mpaka chai ikapoa.

Sibonyezi mara mbili. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini na tisa, na kabla ya kompyuta nilikuwa nikigawa vibati vya namba kwa mkono, na hakuna kibati kilichowahi kumruka mwenzake.

Nimechunguza kama ulivyosema. Alhamisi ilikwenda vizuri, Ijumaa vizuri. Jana Jumatatu ikaanza tena. Skrini yako ina ugonjwa wa Jumatatu, kama wafanyakazi wengine ninaowajua. Mzee mmoja mwenye fimbo alishuka ngazi nne mbele ya macho yangu, na kijana aliyeingia saa nne akaitwa kabla yake. Mzee akasema kwa sauti, ili benchi zima lisikie, "Hapa lazima umjue karani."

Watu wakacheka kile kicheko unachokijua. Sijawahi kuchekwa hivyo. Nimefungua daftari, naandika kila anayefika, saa na rangi yake, kwa kalamu. Nataka niwe na kitu ambacho hakibadiliki nikigeuka.

Tafadhali ongeza bidii. Jina langu ndilo kitu pekee nitakachotoka nacho hapa.

Baba yako


Alhamisi, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Sikukusudia kukuudhi, unisamehe. Maneno ya huyo mzee yameniuma na mimi.

Niambie kitu kimoja. Majina yanayumba kwenye kompyuta zote, au ile ya ukumbini tu, iliyounganishwa na skrini ya ukutani? Kwenye ile ya ukumbini, bonyeza vile vidoti vitatu juu kulia, utafute neno "Kuhusu", uniandikie namba utakayoikuta. Yote, pamoja na nukta zake.

Binti yako


Ijumaa, 15 Machi

Fundi wangu,

Hatujambo, na wewe natumaini hujambo. Nimefungua "Kuhusu". Imenieleza mambo mengi, na hakuna hata moja linalonihusu. Namba nimekuandikia hapo chini, nimeihakiki mara tatu, Sista akinisomea.

Ni ya ukumbini tu. Kwa daktari majina yametulia kama maji mtungini. Lakini daktari haangalii yake. Anaita kwa kufuata ya ukutani, kwa sababu ndiyo watu wanayoiona.

Ile kompyuta ni ya zamani. Msimamizi anasema ikiongezewa kitu kipya itazima moja kwa moja, basi hakuna anayeigusa isipokuwa mimi, tena kwa flashi yako tu.

Baba yako


Ijumaa, 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kukusubirisha, kazini wametubana.

Kivinjari hicho kina umri wa kwenda shule. Imenichukua siku tano kupata nakala yake na kompyuta inayokubali kukiendesha. Nimeipanga orodha yangu ndani yake, wote kumi, zaidi ya mara mia. Haikukosea hata mara moja. Nakwambia ukweli, ningefurahi kama ingekosea. Kosa ninaloliona silihofii. Hili silioni.

Nimefikiri huenda ni saa. Vivinjari vya zamani husoma saa kwa namna yao, na huenda chako kinadhani watu walifika wakati ambao hawakufika. Nimeandika kiraka, yaani maagizo machache ya kuziba kosa hilo. Kimo kwenye flashi niliyompa yule dereva rafiki wa Mjomba. Kiweke ukumbini kama nilivyokufundisha, uzime, uwashe.

Sina hakika, Baba. Nataka ujue hivyo. Endelea na daftari.

Binti yako


Ijumaa, 5 Aprili

Fundi wangu wa mafundi,

Salamu sana. Goti limepata nafuu, na moyo pia. Kiraka chako kimeshika.

Nimekiweka siku ileile flashi ilipofika, na tangu hapo hakuna jina lililoyumba. Hata Jumatatu. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, barabara za kando zimekatika, wanaofika ni sita, saba, siku nyingine watano. Ukumbi umekuwa mtulivu mpaka nasikia saa ya ukutani. Lakini skrini imesimama sawasawa, mstari kwa mstari na daftari langu.

Nilimwambia Msimamizi, naye akafurahi, maana manung'uniko yalikwisha mfikia. Amebandika karatasi kwenye kila ukuta: FOLENI NI YA SKRINI. KARANI HAPANGI, DAKTARI HAPANGI. Nimeona ni jambo jema kwangu. Sasa mtu akinitazama vibaya, namwonyesha karatasi.

Daftari nimeliweka kwenye droo. Sista ananitania kwamba nimempoteza mke wa pili.

Asante, mwanangu. Umeniokoa.

Baba yako


Jumanne, 30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi hapa nyumbani wazima.

Mvua ilipokoma, homa ya kifua imeingia. Ukumbi umejaa tangu wiki iliyopita, watu thelathini, arobaini, wengine wamekaa sakafuni wakiegemea ukuta. Na majina yameanza tena kutembea. Si Jumatatu tu, ni kila siku. Nilikuwa nimekwisha andika barua ya kukueleza nikaifuta, nikisema nisikusumbue, labda itatulia.

Jana alikuja fundi seremala mmoja, namfahamu kwa sura, ana kawaida ya kusahau penseli sikioni. Saa moja na robo. Njano. Alikuwa wa pili kwa njano. Nilimwona kwenye skrini wa pili, halafu wa tisa, halafu wa tano, halafu wa kumi na mbili. Kila jina jipya lililoingia lilimsukuma mahali. Saa tano alikuja dirishani kwangu, akauliza kwa upole, "Karani, nimekosea nini?" Nikamwonyesha karatasi. Mwanangu, nilimwonyesha ile karatasi. Nikamwambia mimi sipangi. Akarudi kukaa.

Saa saba Sista alikwenda kumwamsha kwenye benchi, na hakuwa amelala.

Mkewe alikuwepo. Alikuwa amehesabu walioingia baada yao wakaitwa kabla yao. Kumi na wanne. Aliwataja mbele ya watu, mmoja mmoja, kwa rangi ya nguo, kisha akanigeukia akasema, "Walikupa nini?" Leo Msimamizi ameamuru makarani wote tuache simu zetu kwake asubuhi, isije ikasemwa tunapigiwa na watu wetu tuwapange. Barua zako nazisoma mchana, kwenye kompyuta ya mapokezi, wenzangu wakichungulia begani kwangu.

Daftari nimelitoa tena. Naandika. Lakini daktari anaita kwa skrini, ndiyo amri.

Nimemkumbuka kaka yako. Miaka sita sijamtaja, na wewe umeniheshimu hukumtaja. Cherehani ya marehemu mama yenu ilipopotea wakati wa msiba, nilimwambia mbele ya ndugu wote, walikupa nini? Maneno yaleyale. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira tu. Aliniuliza amekosea nini, nikamwonyesha mlango. Sikujua jinsi yanavyochoma.

Baba yako


Alhamisi, 2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikaifunga, nikaifungua tena. Sina cha kukupoza nacho. Seremala yule hatoki mawazoni.

Kosa ni langu. Sijui liko wapi, lakini ni langu, maana wewe hujawahi kumruka mtu maishani. Nimemwandikia Msimamizi wako kumwambia hivyo. Hajajibu. Nimerudi kwenye kile kivinjari cha zamani, na orodha yangu bado inakaa sawa, kumi kwa kumi. Inanitisha sasa. Inakaa kimya mbele yangu, na huko kwako inasukuma watu.

Jambo jingine. Nimempigia Kaka. Namba yake ninayo miaka yote sita, nisamehe kwa kukuficha. Nimemsomea ulichoandika, neno kwa neno. Nilimsikia anakohoa. Akasema atarudi nyumbani kidogo, kama mlango uko wazi. Nimemwambia uko wazi. Usinifanye mwongo.

Binti yako


Ijumaa, 10 Mei

Mwanangu,

Salamu. Hukuwa mwongo.

Kaka yako amefika juzi. Shangazi alimwona kwanza, akaangusha sufuria. Amekonda, ndevu zimeanza kuingia mvi, mvi za nini kwa mtu wa miaka thelathini na minne sijui. Tulisalimiana kama wageni. Baadaye nilimkuta kibarazani, nikamwambia nilimkosea. Akasema, "Najua, Baba." Nikakaa naye. Bibi ametupigia kelele tuingie ndani kwa sababu ya upepo, na sote tumetii kama watoto.

Lakini anakohoa, mwanangu. Usiku anakaa kitako kwa sababu akilala hapati pumzi. Anasema ni mafua ya safari. Mimi nimesikia vifua miaka ishirini na tisa kupitia dirisha langu, najua mafua na najua yasiyo mafua. Leo ukumbi umefurika na kesho hakuna daktari, kwa hiyo nitaondoka naye Jumatatu asubuhi mapema.

Atapanga foleni kama watu wote. Nimemwambia hivyo na amekubali. Mke wa marehemu seremala anakuja kila siku kukaa pale mlangoni, anatazama nani anaitwa. Siwezi kumpitisha mwanangu mbele ya macho yale.

Umeongea naye na kumrudisha. Mungu akuzidishie.

Baba yako


Jumatatu, 13 Mei, saa tatu asubuhi

Baba,

Nisamehe sikukusalimu. Nimelipata. Zima ile skrini sasa hivi. Chomoa waya ukutani kama ikibidi. Mwambie daktari aite kwa daftari lako.

Simu yako imezimwa, najua iko kwa Msimamizi. Yake haipokelewi. Nimempigia Shangazi, ametoka nyumbani mbio, lakini ni mwendo wa nusu saa na miguu yake unaijua. Ukisoma hii kabla hajafika, usimsubiri.

Nitakueleza ili uweze kuwaeleza. Asubuhi hii, kwa furaha kwamba Kaka amerudi, nimemwongeza kwenye orodha yangu ya majaribio. Kwa upendo tu, Baba, sikuwa natafuta kitu. Nikampa njano, wa mwisho, chini ya paka. Na orodha yote ikavurugika mbele yangu. Bibi akamruka Shangazi, wewe ukawa wa nane.

Kivinjari kile cha zamani kina njia mbili za kupanga. Orodha ikiwa fupi, mpaka kumi, kinapanga jina moja moja, kama mtu anayepanga karata mkononi. Wawili wakilingana rangi, aliyetangulia anabaki ametangulia. Ikizidi kumi, kinabadili njia ili kiwahi: kinaikata orodha vipande na kuviunga. Rangi zinakaa sawa, lakini wenye rangi moja wanachanganyika, na kila anayeongezeka anawachanganya upya. Vivinjari vipya havifanyi hivyo. Mtu aliyeandika maktaba ile alipanga majina kwa alfabeti, hakujali wanaolingana. Mimi ndiye niliyeongeza rangi na kuamini kwamba mtangulizi atabaki mbele.

Ndiyo maana ilikuwa Jumatatu, siku mnayojaa. Ndiyo maana ilitulia wakati wa mvua. Kiraka changu hakikufanya lolote, Baba. Watu walikuwa pungufu tu.

Na mimi sikuliona kwa sababu orodha yangu ilikuwa ya kumi. Familia yetu ni kumi na mmoja pamoja na paka. Paka nilimwandika. Kaka sikumwandika, nikidhani ungekuja kuiona siku moja ukaudhika.

Dawa ni mstari mmoja: kila mgonjwa abebe namba yake ya kufika, na rangi zikilingana, namba iamue. Nimekwisha uandika. Zima skrini kwanza.

Binti yako


Jumatatu, 13 Mei, saa saba mchana

Baba,

Shangazi amefika pale, simu yake imepokelewa kisha imezimwa. Kuna mtu alikuwa anapiga kelele nyuma. Nijibu neno moja tu.

Binti yako


Alhamisi, 16 Mei

Mwanangu,

Salamu. Tuko hai wote, nianze na hilo. Naandika kwa simu ya Shangazi, yangu ilibaki kwa Msimamizi, na kwa kidole kimoja, kwa hiyo uvumilie. Barua zako za Jumatatu nimezisoma jana, yeye alipokumbuka kunifungulia.

Kaka yako alifika saa moja kasorobo. Njano, wa kwanza kwa njano. Nilimwandika kwenye daftari. Saa mbili walikuwa watu ishirini na wawili, naye alikuwa wa kumi na tano. Nikamwona anainama, mikono magotini. Nikatazama skrini. Nikamtazama mjane wa seremala, naye ananitazama mimi. Nikajiambia, subiri, zamu yake itarudi. Nilisubiri saa nzima. Sitasahau kwamba nilisubiri.

Halafu akainua uso kunitafuta, midomo imebadilika rangi. Hakuniuliza amekosea nini, alinitazama tu. Nikatoka kwenye kiti changu, nikamshika kwapani, nikamwingiza kwa daktari kupitia mbele ya watu wote. Nilikuwa na daftari mkononi, nikawaambia huyu ni wa kwanza, imeandikwa hapa. Nani angesoma? Waliona karani anampitisha mwanawe. Mjane alisema tu, "Basi. Tumemwona sasa." Na ukumbi ukaniinukia. Shangazi ndipo alipoingia, anapiga kelele zimeni skrini, zimeni skrini, wakamtoa nje wakidhani amechanganyikiwa. Simu yake ikaanguka.

Daktari amesema tungechelewa nusu saa nyingine, angekuwa anatuandikia cheti cha kifo. Ni nimonia. Wamempa sindano siku tatu, leo amekula.

Mimi wamenisimamisha kazi. Miaka ishirini na tisa, na nimetoka na askari mlangoni. Nimemwonyesha Msimamizi barua yako kwenye simu. Ameisoma, akasema, binti anamtetea baba, ndivyo inavyotakiwa. Nikamwomba basi aweke ule mstari wako mmoja. Akasema hakuna kitu cha ukoo wetu kitakachoingia tena kwenye kompyuta ile. Na amefanya vizuri kuilinda, ndivyo anavyoona: sasa imefungwa kwenye sanduku la chuma, ina kufuli.

Kuna karani mpya, msichana mwenye adabu. Amepewa amri moja tu, ile ya ukutani.

Skrini inawaka, mwanangu. Na sasa mle ndani hakuna mwenye daftari.

Baba yenu


Ijumaa, 17 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nimenawa uso, nimeendelea. Asante kwa kuvunja foleni. Ungeifuata, ningekuwa nimemuua kaka yangu kwa mkono wangu.

Nimemwandikia Msimamizi mara tatu, na wakubwa wake mara mbili. Nimewapelekea orodha yenyewe na kuwaonyesha: wekeni majina kumi, tazameni, ongezeni moja, tazameni. Nimepata jibu moja, kwamba limepokelewa na litajadiliwa kikao kijacho. Kikao ni mwezi ujao.

Nimeomba ruhusa kazini, hawakutoa, nimekata tiketi. Nitafika Jumatatu jioni. Nitakuja na kompyuta yangu, nitakaa mlangoni kwao na kuonyesha kwa yeyote mwenye macho. Lakini Jumatatu asubuhi nitakuwa njiani, na Jumatatu ndiyo wanayojaa.

Mtu yeyote, Baba. Mtu yeyote awe mle ndani anahesabu.

Binti yako


Jumatatu, 20 Mei, saa mbili na nusu asubuhi

Mwanangu,

Sijui utaisoma ukiwa wapi. Safari njema.

Kaka yako aliruhusiwa juzi, akapewa kadi ya kurudi leo aangaliwe kifua. Kwa hiyo yeye ana haki ya kuingia, mimi sina. Asubuhi amechukua daftari langu bila kuniuliza, akaliweka ndani ya shati. Nikamwambia mwanangu, wanakufahamu, wataanza maneno. Akasema ameshazoea kuitwa mwizi, neno hilo halimtoboi tena. Alikuwa anacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakosa mahali pa kutazama.

Yuko benchi la nyuma. Anaandika kila anayeingia, saa na rangi, na wakizidi kumi atasimama awasomee watu zamu zao kwa sauti, mpaka wamtoe. Sijui watamsikia. Anasema mjane amekaa karibu naye, anachungulia anachoandika na hajamwambia kitu.

Mimi niko nje, ng'ambo ya lango, kwenye jiwe. Ananipigia kwenye simu ya Shangazi kila anapoingia mtu. Hapa ninapokaa naona mlango wa ukumbi na kipande cha skrini. Amesema mpaka sasa ni tisa, daktari hajaanza kuita, na majina yametulia. Kuna bibi kizee wa njano amefika wa kwanza kabisa, anapumua kwa shida, lakini yuko juu pale anapostahili.

Amepiga tena. Kumi. Bado yametulia.

Lango limefunguliwa. Anaingia mwanamume amembeba mtoto, anatembea haraka.

Baba yenu


Jumatatu, 20 Mei, saa mbili na dakika arobaini

Mwanangu, bibi kizee amekuwa wa saba. Kaka yako amesimama.

Baba yenu